Mfano wa Hundi

Haikuingia mlangoni.
Upana wake mita mbili na ushei,
na mlango wa ofisi yetu hapa Chigongwe
ulijengwa kwa mtu mmoja, tena aliyekonda.
Tukailaza ubavu, tukaiinamisha,
Mzee Masinga akashauri ting'oe fremu,
mpiga picha akasema, jamani, jua linakwenda.
Basi picha ikapigwa nje,
meneja kushoto, mimi kulia,
upepo wa Julai ukitaka kutupokonya
shilingi milioni kumi na nane na laki nne tu.
Hilo "tu" lilimvunja mbavu Sechelela.

Wageni wakala wali, kuku, zabibu za Hombolo,
wakatuachia kofia arobaini na hundi.
Gari lao lilipokata kona ya kisima
mtoto mmoja akauliza:
"Hii tunaikata vipande, au tunaipeleka benki nzima?"

Agosti tuliandika barua.
Septemba tukaambiwa jina la akaunti lina herufi iliyozidi.
Novemba tukaambiwa habari za mwaka wa fedha.
Mimi Ndahani, mtunza hazina,
mkulima wa uwele tangu nizaliwe,
ndipo nilipojua kuwa fedha nayo ina mwaka wake
na mwaka huo hausubiri mvua.

Hundi tukaisimamisha darasa la tano,
penye tundu la dirisha lisilo dirisha.
Ikaziba vumbi. Ikaziba kweli.
Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya msaada ule;
naiandika hapa
maana kwenye fomu yao haina kisanduku.

Mwalimu Lusito akaifundishia hesabu.
"Futa sifuri moja. Tumebaki na nini?"
"Milioni moja, laki nane na elfu arobaini!"
"Futa nyingine."
"Laki moja, elfu themanini na nne!"
Kengele inagonga tumeshafilisika,
darasa zima linacheka.

Kifungu cha nane kilisema: ulezi wa vijana.
Wafanyakazi kumi na wawili, kila Jumamosi.
Jumamosi ya kwanza walitimia, na kamera juu.
Ya pili wanne.
Ya tatu akashuka mmoja kwenye bodaboda,
Nyemo, mwendesha mashine ya kupakia mizigo ghalani,
kiatu kimoja kimefungwa kwa waya.
"Mbukwenyi," akasema, akatafuta pa kukaa.
Hotuba hana.
Alimkuta Lechipya, aliyeapa kutogusa kitabu tena,
amelala chali karibu na pampu iliyokufa.
Akalala naye.
Wakatazama tumbo la pampu mpaka saa nane,
kisha Nyemo akatoa mfukoni karatasi za maelekezo,
zimelowa oili, akasema:
"Nisomee hapa. Mimi herufi ndogo zinanikimbia.
Kidato cha nne nilianguka mara mbili, usimwambie meneja."

Jumamosi ile. Na ile iliyofuata. Na ya Krismasi.

Fedha ilikuja Februari, imekatwa kidogo njiani.
Siidharau. Madawati thelathini na mawili
ni madawati thelathini na mawili;
muulize aliyeandikia mapajani miaka mitatu.
Ada za wanne zililipwa, risiti ninazo.

Machi ikapigwa simu kutoka makao makuu:
ile hundi bado mnayo?
Tunaihitaji Manyoni, tutabandika tarakimu mpya.
Wakaja vijana wawili, wakaipangusa, wakaipakia.
Hawakushuka chai.

Upepo ukarudi darasani kama mwenye nyumba.
Kuzunguka lile tundu ukuta umebaki mweupe,
mraba mrefu ambao vumbi halikuufikia,
na Lusito bado anauelekezea fimbo:
"Futa sifuri moja."
Watoto wanaziona.

Jana Jumamosi. Mkataba umekwisha tangu mwezi uliopita.
Nilikuwa mezani, nimekwama swali la kumi na moja,
Wanufaika wangapi? Andika kwa tarakimu,
nikasikia nyundo.
Nyemo ameshika ubao wa makreti,
Lechipya ana misumari mdomoni,
anapima, anasoma futi kwa sauti,
anakosea, anasoma tena.